Kalori za Shosho

Kwa miezi minne shosho wangu alikula kulingana na karatasi niliyomwandikia mimi. Ilikuwa ukurasa wa daftari la hesabu, nimeupiga mistari kwa rula, na juu nimeandika kwa herufi kubwa: KALORI 1,000 KWA SIKU. Aliubandika kwenye ukuta wa jikoni kwa uji wa unga wa ngano, kando ya kalenda ya duka la mbolea. Bado uko hapo. Moshi umeugeuza rangi ya chai.

Lazima niwaambie mimi ni nani kwenye hii stori, kwa sababu si daktari. Nina miaka 26. Nilikuwa nasomea takwimu chuo kikuu hadi mwaka wa tatu, karo ikakataa kupatikana, na mimi nikachoka kuomba ruhusa ya kufanya mtihani kama mtu anayeomba sadaka. Tangu hapo nakaa Githurai, keja ya chumba kimoja, na naandika makala za mtandaoni kwa wateja wa ng'ambo ambao sijawahi kuona sura zao. Nimeandika kuhusu mabomba ya vyoo vya Florida, bima ya mbwa, na godoro linalomfaa mtu wa mgongo unaouma. Jina langu halitokei popote. Unalipwa kwa maneno, na mimi maneno ninayo.

Mwaka jana mteja mmoja akanitumia mada: mwanamke mfupi aliyepita miaka 60 anahitaji kalori ngapi kwa siku, na afanye nini apungue. Maneno 1,500, dola 15. Nikamaliza kwa usiku mmoja.

Wiki hiyo hiyo mama akanipigia. Shosho alikuwa amepelekwa kliniki akapatikana na sukari. Amepewa vidonge vya metformin na ameambiwa apunguze sukari na unga mweupe. "Na wewe si huandikanga mambo ya afya?" mama akaniuliza. "Mtafutie vile atakuwa anakula."

Hakuna mtu aliyesema shosho apunguze uzito. Nimerudia mazungumzo hayo kichwani mara nyingi, nikitafuta ni nani alisema. Hakuna. Kitabu chake cha kliniki kilikuwa kimeandikwa kilo 52, urefu sentimita 148. Kwa urefu huo, kilo 52 ni uzito wa kawaida kabisa. Lakini mimi nilikuwa nimetoka tu kuandika maneno 1,500 kuhusu wanawake wafupi na kupungua, na mkononi nilikuwa na fomula.

Fomula yenyewe inaitwa Mifflin-St Jeor. Ilichapishwa 1990, ikatokana na vipimo vya watu 498 wa Marekani. Kwa mwanamke, unachukua kilo zake mara 10, unaongeza sentimita zake mara 6.25, unatoa umri wake mara 5, halafu unatoa 161. Unachopata ni kalori ambazo mwili ungetumia hata ukilala tu siku nzima, moyo ukipiga na mapafu yakifanya kazi yake. Kisha unazidisha kulingana na shughuli za mtu: mara 1.2 kwa mtu wa kukaa tu, mara 1.55 kwa mtu anayejituma.

Kwa shosho nilipata 914. Anakamua ng'ombe, anachuma majani chai, anapanda na kushuka mteremko wa Kangema kila siku, kwa hivyo nikazidisha mara 1.55. Jibu likawa kama 1,400. Makala yangu ilisema ukitaka kupungua toa 500. Ningebaki na 900. Nikaona hizo ni kidogo sana, nikazipandisha hadi 1,000, nikajihisi mkarimu.

Nikaandika karatasi. Asubuhi chai bila maziwa wala sukari na kipande kimoja cha nduma. Saa sita nusu kikombe cha githeri na kabeji ya kuchemsha. Jioni ugali wa ukubwa wa ngumi, sukuma, yai moja. Chini nikaandika: MAFUTA, EPUKA. Nikampa mama aipeleke.

Hapa kuna jambo moja la kuelewa kuhusu shosho na mimi. Mimi ni msichana wa pili kwetu, kwa hivyo kwa desturi nilipewa jina la mama yake mama. Haniiti kwa jina, maana hilo ni jina lake. Ananiita wajina. Nilipoingia chuo alichinja kuku wawili. Nilipoacha hakuniuliza kitu, alinitumia shilingi 2,000 za majani na hajawahi kuzitaja tena. Kwa hivyo karatasi ilipofika ikiwa na mistari ya rula na namba, hakuiona kama ushauri. Aliona ni kile chuo kimerudi nyumbani.

Aliifuata kama sheria. Na pale ambapo sheria haikuwa wazi, aliongeza ukali. Yai la jioni alimpa mtoto wa jirani, kwa sababu yai lina mafuta. Ana miti mitatu ya avokado nyuma ya nyumba. Zote aliziuza kwa wale wanunuzi wa pikipiki, kwa sababu nilikuwa nimeandika EPUKA. Baadaye nilipiga hesabu ya alichokuwa akila kweli kweli. Ilikuwa kama kalori 750.

Mwezi wa nne jirani akapiga simu. Shosho alikuwa ameketi kwenye kigoda akikamua, akamaliza, akashindwa kuinuka. Alikaa pale chini ya ng'ombe karibu nusu saa hadi mtoto wa jirani alipokuja kuchukua maziwa. Hakuvunjika kitu. Lakini jirani alisema maneno ambayo mama aliniletea vile yalivyosemwa: "Nguo zake siku hizi zinavaliwa na hewa."

Nilipanda matatu asubuhi iliyofuata.

Mlangoni sikumjua kwa sekunde moja, na hiyo sekunde moja sijaisahau. Shingo ilikuwa imekuwa nyembamba. Pete yake ya ndoa alikuwa ameihamishia kidole cha kati ikashindwa kukaa, akaifunga kwa uzi shingoni. Alifurahi kuniona. "Wajina, angalia," akasema, na akavuta kiuno cha sketi yake kunionyesha nafasi iliyobaki, kama mtoto anayeonyesha ripoti ya shule.

Kliniki walimpima: kilo 45. Alikuwa amepoteza kilo 7 kati ya 52, zaidi ya asilimia 13. Kwa wazee, mtu akipoteza asilimia 5 tu ndani ya miezi sita hivi bila kukusudia, wahudumu wa afya huanza kuuliza maswali. Tukatumwa kwa mtaalamu wa lishe, dada mmoja hivi wa umri kama wangu, mwenye chumba kidogo na mizani na kanda ya kupimia.

Sijui nilitarajia nini. Labda kompyuta. Alimwambia shosho, "Kaa kwenye kiti, fungamanisha mikono kifuani, uinuke mara tano bila kushika kitu." Shosho aliinuka mara mbili. Ya tatu akakwama nusu ya njia, akarudi chini, akacheka kwa aibu. Halafu yule dada akamzungushia kanda kwenye shavu la mguu: sentimita 29. Akaniambia chini ya 31 ni dalili kwamba misuli inaisha.

"Shosho, nani alikuambia ule kidogo hivi?"

Nilitazama sakafu.

"Hakuna," shosho akasema. "Ni hamu tu ilipotea. Hivi vidonge."

Ni kweli metformin huweza kupunguza hamu ya chakula, kwa hivyo yule dada aliandika jambo hilo na kuendelea. Na mimi nikanyamaza. Tulitoka hadi kwenye benchi la nje, nikamwambia shosho nimesahau kitabu chake, nikarudi peke yangu. Nilikuwa nimepiga picha karatasi ya jikoni. Nikampa simu.

Aliisoma kimya. Akauliza, "Hii ya kutoa 500 uliitoa wapi?"

"Kwa makala."

"Nani aliandika?"

"Mimi."

Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alivuta kiti akanieleza kama mtu anayemfundisha mwenzake kazi. Mwanaume mkubwa anayetumia kalori 2,500 ukimtolea 500 umemnyima moja ya tano. Mwanamke wa sentimita 148 anayetumia 1,400 ukimtolea 500 umemnyima zaidi ya theluthi. Ni namba ile ile, lakini kwa mmoja ni kufunga mkanda, kwa mwingine ni njaa. Hilo ni somo la mwaka wa kwanza la takwimu. Nilikuwa nimelipita mtihani.

Nikiwa njiani kurudi nilianza kufikiria namba zote tunazobeba bila kuuliza zilizaliwa wapi. Ile 2,000 iliyo nyuma ya pakiti za biskuti ilichaguliwa Marekani miaka ya 1990 kwa ajili ya lebo za vyakula. Walianza na 2,350, wakaishusha hadi 2,000, sababu moja ikiwa kwamba namba ya mviringo ni rahisi kukumbuka. Ile 1,200 ambayo kila mwanamke anayetaka kupungua ameisikia ilienezwa na daktari wa Marekani, Lulu Hunt Peters, katika kitabu chake cha 1918, na yeye mwenyewe aliwahi kufika karibu kilo 100. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akimfikiria mwanamke mfupi wa Kangema mwenye ng'ombe mmoja. Darasani tuliambiwa wastani ni mtu asiyekuwepo. Nililiandika kwenye daftari, nikalipigia mstari, halafu nikamlisha shosho chakula cha huyo mtu asiyekuwepo.

Usiku huo tuliketi jikoni nikitafuta hesabu upya. Yule dada alikuwa amenipa njia fupi: kwa mzee, anza na kalori kama 30 kwa kila kilo ya mwili, halafu mwangalie. Kilo 45 mara 30 ni 1,350. Nikarudi kwa fomula yangu kuhakikisha, nikauliza shosho umri wake kamili.

"Kitambulisho kinasema 1950," akasema. "Lakini kitambulisho ni cha serikali."

Akanieleza kwamba walipohamishiwa vijiji vya dharura, mwaka wa 1954, yeye tayari alikuwa akimbeba mdogo wake mgongoni. Mtoto wa miaka minne hawezi. Kwa hivyo alizaliwa labda 1947, labda 1948. Nikapiga hesabu mbili. Kwenye ile fomula kila mwaka mmoja ni kalori 5 tu, kwa hivyo miaka mitatu yote ya kutojua haikuzidi kalori 15. Hiyo ni kumega kiazi kitamu mara moja. Kwa umri wa kitambulisho nilipata 844, mara 1.55 ni kama 1,308. Njia mbili tofauti, na pengo la kalori 42 katikati.

Lakini hesabu haikuwa kitu kikubwa nilichopata usiku huo. Alipoanza kusema kuhusu kijiji hakunyamaza. Alisema mitaro, na amri ya kutotoka, na mama yake kwenda shamba kwa saa chache tu na kurudi na majani ya viazi. Alisema mtu akijifunza njaa akiwa mtoto haisahau, ni kama baiskeli. "Karatasi yako haikuwa ngumu," akaniambia. "Nilijua kuishi hivyo." Labda ndiyo sababu ni mfupi pia. Sina njia ya kujua. Najua tu kwamba alikuwa ameshiba kwa miaka mingi, na mimi nikamrudisha kule kwa rula na kalamu.

Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyemjibu kwa miezi minne. "Hii kalori ni nini?"

Nikamwambia ni kipimo cha joto. Kalori moja ya chakula ndiyo joto la kupandisha lita moja ya maji kwa digrii moja.

"Kwa hivyo ni kuni."

"Ni kuni, shosho."

"Sasa mbona hukusema kuni?" Akachochea moto. "Mimi jiko langu ni dogo. Halitaki kuni nyingi. Lakini ukiliwekea kuni mbichi litazima."

Nimesoma mengi kuhusu mada hii tangu hapo, na bado sijapata mtu aliyeieleza vizuri zaidi. Mwili mdogo wenye umri unahitaji kalori chache, hiyo ni kweli. Lakini protini haipungui hivyo. Kwa wazee wataalamu wengi hushauri gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kila siku, juu ya zile 0.8 ambazo mtu mzima hupendekezewa. Kwa shosho hiyo ni kati ya gramu 45 na 54. Kalsiamu pia haipungui. Baada ya hedhi kukoma mifupa huihitaji zaidi. Kwa hivyo kuni ni chache, lakini kazi ya kila kipande ni kubwa. Mwanaume wa kalori 2,500 anaweza kupoteza 500 kwa soda na mandazi na bado akabaki na nafasi. Shosho hana nafasi hiyo. Chai nyeusi na kabeji ya kuchemsha ndizo kuni mbichi zenyewe: zinajaza jiko, haziwaki.

Na kuna jambo lililoniuma zaidi. Misuli ndiyo sehemu kubwa ya mwili inayopokea sukari kutoka kwenye damu baada ya kula. Mzee akipungua haraka hapotezi mafuta peke yake, anapoteza na misuli, na kuirudisha katika umri huo ni kazi. Mimi nilikuwa najaribu kumsaidia na sukari huku nikimbomolea ghala la kuiwekea.

Ile 1,350 ilikuwa ya kumweka pale pale kwenye kilo 45, na yeye alihitaji kurudi. Kwa hivyo tulilenga 1,500, na daktari akasema atafuatilia sukari na dawa. Safari hii sikuandika namba kwenye karatasi. Niliandika chakula. Asubuhi uji wa wimbi uliopikwa kwa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, bila sukari, na yai, na yai hilo ni lake, si la mtoto wa jirani. Saa nne konzi ya njugu karanga. Hizo peke yake ni kama kalori 170 na gramu 7 za protini, na hazihitaji kuwasha moto. Mchana githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi, na nusu avokado. Jioni ugali mdogo, sukuma iliyokaangwa kwa kijiko cha mafuta, na omena au ndengu. Na kila asubuhi ainuke kwenye kiti mara tano, apumzike, arudie.

Omena alizikataa. Alisema yeye ni Mkikuyu na hajafika hapo. Tukakubaliana njahi.

Nikamnunulia mizani ya kupanda kutoka Kamukunji. Ameiweka sebuleni, ameifunika kitambaa cha kufuma kama redio. Kila tarehe moja anafunua, anapanda, na mtoto wa jirani ananitumia ujumbe. Sasa nimeelewa kwamba namba inayofaa haipatikani kwa fomula. Fomula inakupa mahali pa kuanzia, na kwa watu wengi inaweza kukosea kwa asilimia 10 hivi. Jibu linatoka kwa mwili wenyewe, polepole, mwezi baada ya mwezi: uzito umepanda au umeshuka, anainuka kwenye kigoda au amekwama. Uzito ukishuka unaongeza njugu. Hakuna namna ya kuharakisha hilo liingie kwenye maneno 1,500.

Ile makala yangu bado iko mtandaoni. Nilimwandikia mteja nikamwomba nirekebishe ile sehemu ya 500, bure, bila malipo. Hakujibu. Nikamwandikia tena. Baada ya wiki mbili akanitumia kazi nyingine, mada ya mashine za kukata nyasi, na mimi kodi ilikuwa imefika, nikaifanya. Sijui ni wanawake wangapi wafupi waliosoma maneno yangu yasiyo na jina, wakachukua kalamu na rula. Nafikiria kuhusu wajukuu wao pia.

Nilimwambia shosho ang'oe ile karatasi ya kwanza. Alikataa. Alisema mwandiko ni mzuri.

Ujumbe wa tarehe moja mwezi huu, niliupata nikiwa kwenye foleni ya matatu Githurai: "47.6. Nimeinuka mara tano mpaka ya mwisho. Kuku wametaga saba, nimekula mawili. Wajina."